Tupeane uzoefu: mara yako ya kwanza Mombasa ukitokea Moshi au Arusha

Mwanzisha mada, Soweto, Moshi

Habari za jioni wadau. Mama yangu ana miaka 67, mzaliwa wa Marangu, na bahari ameiona mara moja tu, Dar, kupitia dirisha la basi. Babu yake alikuwa akisimulia misafara iliyopanda kutoka Mombasa kuja Uchagani, kwa hiyo jina la mji huo amekua nalo masikioni. Likizo ya mwezi wa sita nataka nimpeleke. Hatuendi kulala ufukweni. Anataka auone mji wenyewe, Mji wa Kale, ngome ya Fort Jesus, na watu wake wanavyoishi.

Kwa njia ya mpaka wa Holili, Mombasa iko kama kilomita 300 kutoka hapa. Dar ni zaidi ya 500, na bado Dar tunakwenda kila mwaka ilhali Mombasa wengi hatujaikanyaga. Nina siku nne. Bei nitaziulizia mwenyewe. Kwenu naomba mnisimulie mara ya kwanza ilikuwaje, hasa yale mliyojutia kutoambiwa mapema.

Mfanyabiashara, Kiboriloni

Dada, anza na mpaka. Mimi safari ya kwanza nilikuwa nafuata vitunguu vyangu soko la Kongowea, Mombasa. Nikashuka Holili, kijana wa bodaboda akaniambia panda, akanivusha hadi stendi ya Taveta, upande wa Kenya. Nikadhani ndiyo utaratibu. Mbele huko kwenye ukaguzi wakaomba hati, nikatoa kitambulisho cha taifa, wakauliza muhuri uko wapi. Niliteremshwa na basi likaondoka. Nikarudi Taveta kwa gharama zangu, na vitunguu vimetangulia Mombasa bila mwenyewe.

Pale mpakani maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja: unagonga wa kutoka, unasogea dirisha la pili unagonga wa kuingia. Visa hatulipi. Ila uwe na pasipoti, au ile hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ya mama ishughulikie sasa hivi, usingoje wiki ya safari. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Kenya waliipiga marufuku tangu 2017.

Mzee wa Kahe

Nimefurahi kuona mtu anampeleka mama yake. Mwanangu, usimwache alale njiani. Mkishatoka Taveta kuelekea Voi mtaona kilima kimoja kimesimama peke yake kwenye tambarare. Hicho ni Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza lilishambulia hapo likarudishwa nyuma na askari wa Kijerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika wa huku kwetu. Reli waliyoijenga Waingereza kutoka Voi kwa ajili ya vita hiyo ndiyo iliyokuja kuungana na ya Wajerumani hapa Kahe. Nilipopita mara ya kwanza sikuwa na wa kunionyesha, nikapita kama ninayepita porini tu.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu. Nitamkalisha upande wa dirisha.

Mwalimu, Njiro, Arusha

Nimekwenda mara mbili, na ya kwanza naihesabu kuwa sikwenda. Tulikuwa kikundi, tumebanwa na muda, Fort Jesus tukakaa dakika 40, tukapiga picha juu ya mizinga, tukaondoka. Nilichotoka nacho ni kwamba Wareno walijenga ngome.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikakaa na mwenyeji aliyezaliwa palepale. Tuliingia asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, tukatoka adhuhuri. Ngome ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596, mchoraji wake Mwitaliano, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Lakini kilichonikalisha chini ni habari ya mazingiwa. Waomani waliizunguka Machi 1696, na ikaanguka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani walikwisha kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa, San Antonio de Tanna, ilizama 1697 palepale mbele ya ngome, na vyombo vilivyoopolewa chini ya maji mtaviona ndani ya makumbusho. Kisha Waingereza wakaigeuza gereza hadi 1958. Mama akichoka, mkalishe kivulini kwenye ukuta unaotazama bahari, mwache atazame vyombo vinavyoingia.

Msilipe kiingilio kabla ya kuonyesha pasipoti, maana raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao. Na malipo yamehamia mtandaoni: mimi mwenyeji alinilipia kwa simu yake, nikampa pesa mkononi.

Halafu, tafadhali, msikilizeni Kiswahili cha pale. Ukitoka ngomeni unaingia barabara inaitwa Ndia Kuu. Nilipoisoma nikafikiri ni jina la mtu. Ni Njia Kuu! Kimvita husema ndia kwa njia, nti kwa nchi, mato kwa macho. Bibi mmoja mlangoni pake alimwita mjukuu wake, "Ndoo!", na mtoto akaja mbio. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na siku hiyo nilisimama pale barabarani nikihisi ninakutana na mzazi wa lugha niliyoifundisha. Kuna milango ya kuchonga, roshani za mbao, na Msikiti wa Mandhry unaohesabiwa kuwa wa karne ya 16. Lakini kama mna saa moja tu, itumieni kusalimiana na watu.

Kijana wa Majengo, Moshi

Joto! Hata mwezi wa sita, ambao kwao ni nafuu, sisi tuliozoea baridi ya mlima linatuchosha. Tembeeni asubuhi na baada ya alasiri, katikati lala. Kivuko cha Likoni anayetembea kwa miguu halipi.

Dada wa Himo

Niongezee ya chakula na mavazi. Mji wa Kale ni mtaa wa watu, tena wa Waislamu. Mabega na magoti yafunikwe, picha za akina mama usipige bila kuomba. Mimi nilipiga, nikaambiwa kwa upole kabisa, "Mwanangu, hujanisalimu." Iliniuma, kwa sababu hata kwetu Himo hakuna anayefanya hivyo. Nikaweka simu mkobani, nikaanza upya na shikamoo, na yule yule akanikaribisha kiti.

Asubuhi mpe mama mahamri na mbaazi za nazi. Jioni tafuteni viazi karai na mishkaki barabarani, ukwaju pembeni. Kahawa yao huiita kahawa tungu, yaani chungu, ya tangawizi, na kipande cha halua. Sisi tunaoilima tunaiuza nje, lakini pale nimeona wazee wakikaa na kikombe kidogo kimoja mpaka Isha, mazungumzo hayaishi.

Kanga wao wanaita leso. Mtaa wa Biashara utakuta maduka yamepangana. Msome maandishi kabla ya kununua, mama achague neno lake mwenyewe. Viungo vipo soko la Marikiti.

Mwalimu, Njiro, Arusha

Nimesahau jambo kubwa, na kwa mtu wa Marangu ndilo hasa. Nje kidogo ya Mombasa kuna Rabai. Ndipo alipokaa mmisionari Johannes Rebmann, na ndipo alipoondokea mwezi wa nne 1848. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, Mswahili aliyekuwa tayari anaijua njia ya Uchagani. Tarehe 11 Mei wakauona mlima na theluji yake. Ulaya walimbishia miaka kadhaa. Akapokewa Kilema kwa Mangi Masaki, jirani kabisa na kwenu. Rabai sasa ina makumbusho, na nyumba ya Rebmann bado imesimama.

Mwanzisha mada

Jana usiku nimemsomea mama yote, kuanzia mpaka hadi halua. Kwenye Kilema alinisimamisha, akataka nirudie. Mama yake mzazi alikuwa wa Kilema. Ameniambia nibadilishe mpangilio: Rabai iwe ya kwanza, kabla ya ngome na kabla ya bahari. Kwa hiyo siku ya kwanza ni safari na kulala, ya pili Rabai, ya tatu nzima Mji wa Kale, ya nne kurudi.

Dada wa Himo, mlikolala wewe ngazi zikoje? Nasikia nyumba za mle ndani zina ngazi nyembamba zinazopanda wima, na mama magoti yanamsumbua. Kama wana chumba cha chini, naomba unielekeze.