Torati ni urithi kwa maana gani? (Kumb. 33:4 na Gal. 3:18)

Mwalimu_Chamwino
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili nina darasa la kipaimara, vijana 14, dakika 45. Somo ni Kumbukumbu la Torati 33:4, Musa anapoiita torati urithi wa mkutano wa Yakobo. Kijana akifunua Wagalatia 3:18 atakuta Paulo anasema urithi ukipatikana kwa sheria, hauwi tena kwa ahadi. Niwaelezeje bila kumgonganisha Musa na Paulo? Na muda niugaweje?

Mkulima_Hombolo
Amina mwalimu. Hawagongani hata kidogo. Paulo anajibu swali la mtu anakuwaje mrithi. Musa anataja kilichomo ndani ya urithi wenyewe. Soma mstari mmoja nyuma, Gal. 3:17: torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Na Kutoka 20, kabla ya amri yoyote, mstari wa 2 Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Wametolewa utumwani kwanza, sheria ikafuata. Mtoto hawi mtoto kwa sababu amelima shamba la baba yake. Amezaliwa, akakua, ndipo akaoneshwa mipaka.

Neno la Kiebrania kwenye Kumb. 33:4 ni *morasha*, na Kutoka 6:8 linatumika kwa nchi ya ahadi. Kwa hiyo Mwisraeli akilisikia anawaza ardhi. Lakini shamba wakigawana ndugu sita, kila mmoja anaondoka na kipande. Torati kila mmoja anaipata nzima. Tena walipopelekwa Babeli nchi ilibaki nyuma, torati wakaenda nayo.

Kwa vijana wa huku kwetu anza na Nabothi, 1 Wafalme 21. Zabibu wanazijua. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, akaahidi kumpa lililo bora zaidi, au fedha, Nabothi akakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Waulize kwa nini hakuchukua fedha, waache wabishane, kisha wafungue Walawi 25:23: ardhi isiuzwe kwa milele, maana ni mali ya Mungu. Hapo neno urithi litakuwa na uzito kabla hujaligusa lile la Musa.

Zaburi119
Naongeza jambo ambalo Kiswahili chenyewe kinatupa bure. Katika Zaburi 119 sheria inaitwa kwa majina mengi: shuhuda, amri, maagizo, hukumu, na *mausia*. Mausia na wosia ni shina moja. Maneno ambayo mzee anawaachia wanawe akiwa kitandani, hakuna anayeyasikiliza kama kanuni za barabarani. Kijana akilishika hilo, nusu ya somo imekwisha.

Usiwasomeshe zaburi nzima. Ina mistari 176, watasinzia. Ina mafungu 22 ya mistari minane minane, kwa herufi za Kiebrania. Chukua fungu moja, 105–112. Wengi wanaukariri wa 105, ule wa taa, wanauruka wa 111 ambapo mwandishi anasema shuhuda za Mungu *amezifanya* urithi wake wa milele. Yeye mwenyewe amezichukua. Wosia usiofunguliwa haumfai mrithi.

Muda: Nabothi dakika 15, Kumb. 33:4 dakika 8, Kutoka 20:2 na Gal. 3:17-18 dakika 12, Zab. 119:111 dakika 10. Wanaobanwa na muda hukata Kutoka 20:2, na hapo ndipo vijana wanapotoka wakiamini wanashika amri ili Mungu awakubali. Kata popote, hapo usikate.

Jirani_Mwislamu
Salaam ndugu zangu. Kwetu pia neno hili lipo. Katika Qurani, Sura ya Fatir, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anasema amewarithisha Kitabu waja aliowateua, kisha anawataja kwa mafungu matatu: anayejidhulumu nafsi yake, wa katikati, na anayetangulia katika kheri. Wote wamerithishwa. Matumizi ndiyo yanayowatofautisha.

Mkulima_Hombolo
Ahsante jirani, hilo linanikumbusha walimu wa Kiyahudi. Rabi Yose alifundisha mtu ajitayarishe kujifunza torati, kwa kuwa haimjii kwa kurithi. Ukiweka kando ya Kumb. 33:4 unaona wanachokiogopa: mtu kudhani kuzaliwa kunatosha. Mzabibu uliourithi usipoupogoa unakupa majani. Ndiyo maana Kumb. 6:7 inataka wazazi wayanene maneno ya torati kwa watoto wao nyumbani, njiani, wakilala na wakiamka, na Kumb. 31:10-13 torati isomwe mbele ya watu wote, watoto na wageni wakiwamo, kila mwisho wa miaka saba. Waamuzi 2:10 inaonesha kizazi kimoja tu kilitosha kumsahau Bwana.

Mwalimu_Chamwino
Mungu awabariki. Naanza na Nabothi, na Waamuzi 2:10 naihamishia Jumapili inayofuata. Kazi ya nyumbani: kila kijana amuulize mzee wa kwao wosia mmoja alioachiwa na wazazi wake, aje nao umeandikwa.