SummerSlam 1992 pale Wembley: ni shoo kali kweli au tunaibeba kwa mechi moja tu?

mzee_wa_kamba:

Wakuu habari zenu. Nimeirudia SummerSlam ya 1992, ile ya London, uwanja wa Wembley wa zamani kabla haujabomolewa, tarehe 29 Agosti, na nataka tuijadili mechi kwa mechi maana kila nikikuta watu wanataja shoo bora za mieleka za WWF (WWE ya leo) za zamani hii haikosekani, sasa nimeitazama yote bila kupeleka mbele na nimebaki na swali.

Legion of Doom na Money Inc. ndo wanafungua, timu ya watu wawili kila upande. Hawk na Animal wa Legion wanaingia na pikipiki, uwanja unalipuka, na ukweli ni kwamba kule kuingia ni kutamu kuliko mechi. Hawk yupo yupo tu, kazi anafanya Animal, mwisho anambeba Ted DiBiase wa Money Inc. anamtandika chini, moja mbili tatu kwisha habari. 5 kwa 10, na hizo tano nyingi ni za pikipiki.

Nailz na Virgil. Jamaa kavaa nguo za mfungwa, anakaba koo, anaachia, anakaba tena, Virgil anazimika. 2.

Shawn Michaels na Rick Martel, hii ndo imenishangaza. Wote wanaigiza watu wabaya, wote wanajiona wazuri kupita maelezo, wanamgombania meneja mwanamke Sherri, na Sherri kawapa sharti kwamba ni marufuku kupigana usoni. Sasa subiri uone wanaume wawili wazima wanavyohangaika kupigana huku wanachunga sura zao, halafu hasira zikishapanda wanachapana hukohuko usoni, Sherri anajiangusha chini kama kazimia, wanatoka nje wote wanahesabiwa mpaka kumi, hakuna mshindi. Halafu Martel anarudi na ndoo ya maji anammwagia yule mama aliyelala. Kama mieleka ni 5, kama vichekesho ni 9.

Natural Disasters wanatetea mikanda ya timu kwa Beverly Brothers, watu wazito wanawaangukia watu wa kawaida, basi. Crush anamkamua Repo Man kichwa kwa mikono miwili mpaka anasalimu amri. Pita.

Randy Savage na Ultimate Warrior, mkanda wa dunia. Hapa ndo nina ugomvi. Karibu nusu saa nzima, mastaa wawili wakubwa, wote steringi, halafu inaisha bingwa kahesabiwa nje ya ulingo?? Yaani watu zaidi ya elfu themanini wamekaa wanasubiri, unawapa mwisho wa namna hiyo? 6.

Undertaker na Kamala haikufika hata dakika 4, Undertaker kashinda kwa sababu yule msaidizi wa Kamala, Kim Chee, kaingilia. 3, na ni kwa ajili ya lile gari la maiti alilokuja nalo.

Mechi ya mwisho Bret Hart na British Bulldog, mkanda wa Intercontinental. 9 na nusu, hapo sina maneno.

Sasa swali langu. Ukiitoa hiyo ya mwisho hii shoo ina nini? Na pia kwa nini mkanda mdogo ndo ukafunga shoo wakati mkanda wa dunia upo palepale? Nawasilisha.

BintiUlingo:

Mkuu umeandika aya nzima kuhusu ndoo ya maji halafu mechi ya mwisho umeipa mstari mmoja, ndo maana swali lako linakusumbua.

Hiyo mechi usiitazame kama mechi ya mkanda, itazame kama ugomvi wa mashemeji. Davey Boy, yaani huyo Bulldog, kamuoa Diana, Diana ni dada yake Bret wa damu kabisa, hiyo si hadithi ya kutungwa, na Diana mwenyewe yupo pale kwenye viti anaonyeshwa kila mara, kaka huku mume kule. Kwa hiyo tayari una stori ambayo hata mtu hajawahi kuona mieleka maishani anaielewa, haihitaji mtangazaji kueleza chochote.

Halafu kuna jambo la pili ambalo likishakuingia kichwani huwezi kuitazama vilevile tena. Bret amesimulia mara nyingi kwamba Davey Boy aliingia siku ile hayuko fiti kabisa, na dakika chache tu za mwanzo pumzi zikakata na kila walichokuwa wamepanga kikamtoka kichwani. Kwa hiyo dakika 25 hivi zile Bret ndo anazibeba, anamwambia sasa fanya hivi, sasa nirushe, sasa nidake, huku yeye mwenyewe anatakiwa aonekane anapigwa. Rudia uangalie kila wanapokabana shingo chini, muangalie Bret, na angalia vipande vya kupumzika vinavyokuja kila Bulldog anapohitaji hewa na bado havionekani kama mapumziko kwa sababu Bret anavijaza na kiburi, anamkandamiza, anakuwa mkali kidogo, anakuwa adui nusu. Nusu tu, hazidishi, maana Ulaya walikuwa wanampenda na yeye na alijua akizidisha ataharibu kule mwisho wanapokumbatiana.

Na kile kipande wote wako chini baada ya kugongana, Bret amelala chali kabisa, anaikunja miguu ya Bulldog na miguu yake mwenyewe anamgeuza kwenye Sharpshooter, ule mkabo wake wa miguu wa kumalizia mechi, kutokea palepale sakafuni. Uwanja mzima unaamini imeisha. Bulldog anafika kwenye kamba. Kabla ya hapo tayari Bulldog alishampiga ile powerslam yake ya kumbeba mtu akikimbia na kumtandika chini, iliyokuwa inamaliza kila mtu na Bret akanyanyua bega. Sasa silaha kubwa za wote wawili zimeshindwa, unamalizaje? Bret anajaribu kumviringisha kwa juu amkandamize mabega chini, Bulldog anakaa chini anaifungia miguu yake, mabega ya Bret yako chini, tatu. Hakuna aliyedundwa, mmoja kawahi tu. Ndo maana Bret hakushuka hata kidogo, tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo akamvua Ric Flair mkanda wa dunia kule Saskatoon.

Kwa nini ilifunga shoo? Mkuu ile ni Uingereza na yule ni Mwingereza anashinda mkanda nyumbani, kaingia na bondia Lennox Lewis kambebea bendera. Hebu niambie baada ya hapo ungemleta nani.

refa_kipofu:

Nakubaliana na dada hapo juu kwa Bret lakini mnamuonea sana Savage, na hiyo 6 ya mleta mada ni uonevu wa wazi.

Kwanza Warrior. Huyu mtu mechi zake nyingi ni kukimbia, kutikisa kamba, kumuangukia mtu, kwaheri. Kumpeleka karibu nusu saa na watu wasichoke ni kazi, na aliyeweza kazi hiyo ni Savage na alishaifanya WrestleMania VII mwaka 1991 ile ya atakayeshindwa astaafu. Hii ya Wembley haiifikii ile, sawa, ila bado ni mechi ya watu wazima.

Pili, stori yenyewe. Wiki zote kabla ya shoo swali lilikuwa Mr. Perfect, mshirika wa Ric Flair, atakuwa upande wa nani, Savage anadhani ni wa Warrior na Warrior anadhani ni wa Savage. Wanakuja Perfect na Flair, na mara wanamsumbua huyu mara yule, mpaka unagundua hawapo upande wa mtu yeyote, wanataka wote wawili waharibikiwe. Huo ndo utamu wake, steringi wawili wanaanza kutoaminiana kwa sababu ya watu wasiokuwepo hata kwenye mechi.

Sasa huo mwisho unaoulalamikia. Savage anapanda juu, badala ya kumrukia Warrior anamrukia Flair nje, Flair anamdaka na kiti kwenye mguu. Savage hawezi kurudi ulingoni, anahesabiwa, mkanda unabaki kwake maana kwa kuhesabiwa nje mkanda hauhami. Halafu wanamuongezea kwenye mguu uleule. Unajua kilichofuata? Tarehe 1 Septemba, siku chache tu, kule Hershey Pennsylvania, Flair kamchukulia mkanda na goti lilelile ndo lililomponza. Kwa hiyo Wembley haikuwa mwisho mbovu, ilikuwa nusu ya kwanza ya mechi nyingine.

Na hapohapo ndo kuna jibu lako la pili. Mechi ya namna hiyo huwezi kufungia shoo, watu waende nyumbani bila mshindi. Walijua wanachofanya.

mzee_wa_kamba:

@refa_kipofu maelezo mazuri lakini mimi nilinunua SummerSlam sikununua nusu ya Hershey. Mtu aliyekuwa amekaa pale uwanjani siku ile hajui habari za tarehe 1 Septemba. Mechi inatakiwa ijitosheleze. 6 inabaki 6.

Kiti Cha Chuma:

Hamjamuongelea Kamala vizuri jamani. Lile jitu lililotambulishwa kuwa limetoka Uganda, limechorwa nyota na mwezi mwilini, linapiga tumbo, halisemi neno moja, alikuwa mtu wa Mississippi anaitwa James Harris. Mganda wa Mississippi!! Uganda wenyewe sijui wangesema nini. Mhusika alibuniwa Memphis miaka ya 80 mwanzoni na mwanamieleka Jerry Lawler ana mkono wake pale, na kwa macho ya leo yale mambo ya Mwafrika wa porini aliyevishwa ngozi na kuchungwa na mtu wa kofia ya kikoloni yanakera, mimi nasema wazi, ila yule bwana mwenyewe ndani ya hiyo takataka waliyompa alikuwa anajua kazi. Muangalie macho Undertaker anapoinuka. Kamrukia mara ya kwanza, ya pili, bado mtu anakaa wima, Kamala anaogopa kwelikweli, hofu yake inamfanya Undertaker aonekane mzimu. Undertaker alikuwa na kazi ya kutembea polepole tu, yule mwingine ndo alikuwa anaigiza.

Dakika 3 za kuanzisha ugomvi, ukaenda kuishia kwenye ile mechi ya jeneza kwenye shoo ya Survivor Series mwaka huohuo. Kwa kazi iliyopewa inatosha, 3 si mbaya sana.

Tisini Tisini:

Mimi naongeza kitu ambacho hakipo kwenye maksi za mtu yeyote, nacho ni uwanja. Idadi iliyotangazwa ni 80,355, na zaidi ya idadi ni kwamba ni uwanja wa wazi, mechi za mwanzo unaona kabisa bado kuna mwanga wa jua na kila ukiangalia mbingu imezidi kuwa nyeusi mpaka Bret anaingia ni usiku. Shoo nyingi za zama zile ukiangalia ni ukumbi mmoja wa giza haujui uko wapi. Hii unajua uko wapi kila dakika. Hata mechi mbovu kama ya Crush, watu wanaimba, wanapuliza mahoni, kelele haziishi, na kelele za Uingereza si za Marekani, wale wanaimba kama wako kwenye mpira.

Halafu kumbukeni Marekani walirusha tarehe 31, siku mbili baadaye, kwa hiyo kuna watu walilipia huku majibu yalishavuja. Na kuna mechi zilipigwa pale hazikuwekwa kwenye matangazo ya Marekani, Tatanka na Berzerker, Papa Shango na Tito Santana. Hamjakosa kitu.

Kwa miaka zaidi ya 30 hiyo ndo ilikuwa namba ya kutisha Ulaya mpaka AEW, kampuni nyingine ya mieleka, wakaenda Wembley mpya 2023 wakatangaza 81,035. Ndo mjue hiyo shoo ilikuwa na uzito gani.

refa_kipofu:

@mzee_wa_kamba kwa hiyo wewe mechi ikiwa na mwendelezo ni kosa? Mbona Michaels na Martel nao hawana mshindi na wao wamehesabiwa nje na hukulalamika, umewapa 9 ya vichekesho?

mzee_wa_kamba:

Kwa sababu pale kutokuwa na mshindi ndo mzaha wenyewe, wale wote hawastahili kushinda. Savage na Warrior walikuwa wananiuzia swali la nani zaidi, na hawakunijibu. Vitu viwili tofauti mzee.

BintiUlingo:

Hapo mleta mada ana pointi, nami niko kwa Savage siku zote lakini kwenye hiyo kamshinda refa.

Ila kuhusu swali la kwanza la shoo ina nini ukitoa ya mwisho, kwangu ina mechi mbili na nusu na Bobby Heenan. Sikilizeni pale mezani, Vince McMahon anatangaza kwa jazba na Heenan pembeni yake anamtibua shoo nzima, hata kwenye mechi ya Nailz ambayo hakuna kinachotokea yule mzee anatafuta cha kusema na anakipata. Niko tayari kuangalia Beverly Brothers kwa ajili ya Heenan. Kwa ajili ya Beverly Brothers, hapana.

Kiti Cha Chuma:

Hiyo nusu ni Martel na Michaels au ni Kamala?

BintiUlingo:

Ni pikipiki.

mzee_wa_kamba:

😂😂 Haya basi. Nikipata muda nakuja na Survivor Series 1992, hapo Bret ni bingwa tayari na anakutana na Shawn Michaels aliyemvua Bulldog ule mkanda wa Wembley. Refa jiandae, ile ina mshindi.