Tulipu za michirizi: zilizovunjika za kale, za kale zisizo na virusi, au za kisasa?

KijaniKibichi:
Wakuu, naomba ulinganisho kabla sijaagiza matunguu ya kupanda Novemba. Ninachotafuta ni ua kama yale ya michoro ya Uholanzi ya karne ya 17: petali nyeupe au ya njano, na rangi imepanda juu yake kama ndimi za moto. Yaliyopo mezani ni haya:

1. Zilizovunjika za kale zenyewe, yaani zilizopata michirizi kwa virusi: 'Zomerschoon', 'Absalon', 'Insulinde'.
2. Za kale zisizo na virusi, mfano 'Keizerskroon'.
3. Za kisasa: 'Rems Favourite', 'Happy Generation', 'Grand Perfection', pamoja na zile pakiti zilizoandikwa "Rembrandt".

Eneo ni kaskazini mwa Uingereza. Kuna tuta la mita 4 kwa 1.2, udongo wa mfinyanzi, na vyungu kama kumi. Mwisho wa tuta kuna maua ya lili. Kipi kinafaa, na kipi kitaambukiza vingine?

Tunguu_Kavu:
Mkuu, namba 1 na namba 3 zinafanana kwenye picha tu. Michirizi ya namba 3 ni ya kuzaliwa nayo. Ya namba 1 ni ugonjwa.

Petali ya tulipu ina rangi ya chini, nyeupe au njano. Juu yake, kwenye seli za ngozi, kuna anthosayanini, inayoleta wekundu au zambarau. Virusi huzuia anthosayanini isitengenezwe mahali fulani, hapo rangi ya chini ikajitokeza. Mahali pengine rangi hujilundika ikawa nzito kuliko kawaida. Tulipu iliyokuwa ya rangi moja ikichanua hivyo, wakulima husema imevunjika. Tulipu nyeupe tupu au ya njano tupu haionyeshi chochote kwenye ua hata ikiambukizwa, maana haina rangi ya juu ya kuvunjika. Hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa inabeba virusi kimyakimya.

Gharama yake ni nguvu ya mmea. Majani hupungukiwa kijani, tunguu huwa dogo, na watoto wanaojitenga nalo huwa wachache. Carolus Clusius, aliyefika Leiden, Uholanzi, mwaka 1593 kusimamia bustani ya mimea ya chuo, aliona mapema kwamba tulipu ikishabadilika rangi namna hiyo huanza kudhoofika. Sasa weka hilo karibu na bei za enzi zile. 'Semper Augustus', nyeupe yenye ndimi nyekundu, ilitajwa kwa gilda 1,200 kwa tunguu moja mwaka 1624, na ikafika kutajwa kwa gilda 10,000 kabla soko la tulipu la Uholanzi halijaanguka Februari 1637, wakati mapato ya fundi kwa mwaka mzima yalikuwa kama gilda 300. Wengi wakisimulia habari hii husema watu walipagawa, basi. Lakini bidhaa yenyewe haikuwa na njia ya kuongezeka haraka: kilichoipa sura ndicho kilichoinyima watoto. 'Semper Augustus' haipo tena duniani. 'Zomerschoon', ya tangu mwaka 1620 hivi, ipo bado, na kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuipa chungu kimoja.

FundiChungu:
Naongezea kuhusu pakiti za "Rembrandt", maana hapo watu hupigwa sana. Zamani hilo lilikuwa kundi rasmi la tulipu zilizovunjika kwa virusi. Siku hizi hazizalishwi tena kibiashara, na jina limebandikwa kwenye tulipu safi zozote zenye rangi mbili. (Rembrandt mwenyewe wala hakuwa mchoraji wa maua.) Ndani ya pakiti moja unaweza kukuta aina tatu tofauti, kila moja na urefu wake na wiki yake ya kuchanua. Nunua kwa jina la aina, usinunue kwa jina la kundi.

Ukitaka kuzitofautisha zikiwa zimechanua, chuma petali moja uishike dhidi ya mwanga. Ya kisasa ina mchirizi mpana katikati, kingo zake zimelainika, na ua la pili kwenye mstari huohuo ni nakala ya la kwanza. Ile ya virusi ina mistari myembamba kama imechorwa kwa sindano ya wino, inaanzia ukingoni na kushuka ikipungua, na petali mbili za ua moja hazilingani. Angalia na jani pia: mara nyingi utaona michirizi ya kijani kilichopauka ikifuata urefu wa jani.

Za kisasa zina faida moja kubwa: tunguu la mzingo wa sentimita 12 au zaidi, na karibu kila moja linatoa ua. 'Rems Favourite' ni zambarau juu ya nyeupe, 'Happy Generation' ni nyekundu juu ya nyeupe. 'Grand Perfection' huanza njano, ikapauka kuelekea krimu kadiri ua linavyokaa, nyekundu ikibaki. Kati ya hizo tatu, ukisimama mita mbili, 'Grand Perfection' ndiyo inayokaribia sana michoro. Ukisogea karibu, hapana.

Bibi_Tuta:
'Keizerskroon' ya mwaka 1750 ni tulipu nzuri na ngumu, inawahi kuchanua, na haina virusi. Ila haikupi unachotafuta. Ni nyekundu yenye ukingo mpana wa njano, kama imepakwa kwa brashi. Ikae kwenye tuta kwa heshima yake, lakini usiihesabu kwenye ulinganisho huu.

Tunguu_Kavu:
Naafiki. Kwa anayetaka ndimi za moto halisi njia ni mbili tu, 1 au 3, na swali la kwanza ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaobeba virusi, urembo baadaye.

KijaniKibichi:
Nashukuru wote. Basi nikiweka za kale kwenye vyungu na za kisasa kwenye tuta, nimemaliza? Na zile lili?

FundiChungu:
Chungu hakimzuii kidukari, mkuu. Virusi hivi hubebwa na vidukari, hasa yule wa kijani wa mpichi, na hubebwa kwa namna inayowashinda wapulizaji dawa: mdudu huonja mmea mgonjwa kwa sekunde chache, anaruka, anaonja wa pili, tayari. Dawa ya kuua wadudu itamuua, lakini baada ya kuonja. Kwa hiyo:

Lili zihamishwe, au uache kabisa tulipu za kale. Lili huambukizwa na virusi hivihivi na nyingi hazionyeshi dalili kali, kwa hiyo zinageuka ghala la maambukizi la mwaka mzima.

Vyungu vya tulipu zilizovunjika viwe upande wa pili wa nyumba, mbali kabisa na tuta. Vifunike kwa neti ya wadudu yenye matundu ya milimita 0.8 au madogo zaidi. Funua ua likichanua kama unataka kulitazama, kisha funika tena hadi majani yanyauke. Watu hufunua Mei wakasahau, na wakati huo ndipo vidukari wenye mabawa wanaruka.

Kwenye tuta la tulipu safi, kagua machipukizi kila siku rangi inapoanza kuonekana. Likitokea ua lenye mistari isiyo ya aina yake, ng'oa mmea wote na tunguu lake, tupa kwenye taka za kawaida, usiweke kwenye mboji. Usingoje mwakani. Mmea ulioambukizwa Mei mwaka huu kwa kawaida huchanua vizuri tu. Dalili huja msimu unaofuata, na kufikia hapo jirani zake wameshaonjwa.

MzeeWaPetali:
FundiChungu amesema kweli kuhusu neti, ila naona tunamtisha bure. Wapo wanaozitunza kwa vizazi. Kule Limmen, Uholanzi, bustani ya Hortus Bulborum wanatunza aina za kale tangu miaka ya 1920, zilizovunjika zikiwemo. Na huko huko kaskazini mwa Uingereza kuna Wakefield and North of England Tulip Society, ya tangu mwaka 1836, ambayo hadi leo hushindanisha tulipu zilizovunjika, kila ua moja ndani ya chupa ya bia ya kahawia. Ukijiunga, wanachama hugawana matunguu ya ziada. Kwa mtu wa eneo lako hilo ni chaguo la nne ulilolisahau, na kwangu ndilo bora.

Tulipu za Kiingereza zina sarufi yake. 'Rose' ni waridi au nyekundu juu ya nyeupe. 'Bybloemen' ni zambarau juu ya nyeupe. 'Bizarre' ni nyekundu au kahawia juu ya njano. Kila moja ina hali tatu: rangi moja kabla ya kuvunjika, unyoya, yaani mistari myembamba ikizunguka ukingo wa petali tu, na mwali, yaani unyoya huo pamoja na utepe wa rangi unaopanda katikati ya petali. Majaji hufungua ua na kutazama chini kabisa: kitako lazima kiwe cheupe safi au njano safi. Doa la buluu au kijivu hapo, ua limeanguka hata kama ndimi zake ni za ajabu. Anza na 'Mabel' ya 1856 upande wa 'rose', na 'Columbine' upande wa 'bybloemen'.

Ujue pia kwamba tunguu lilelile laweza kutoa unyoya safi mwaka huu na mwali mzito mwakani. Mkataba haupo.

Sakina_Limuru:
Samahani kuingilia. Huku Limuru baridi ipo, hasa Julai. Tunaweza kuzipanda hizi?

Bibi_Tuta:
Dada, baridi ya Limuru inamtosha mtu, haiitoshi tulipu. Tunguu linahitaji wiki 14 hadi 16 za nyuzi kama 5 za Selsiasi, kwa hiyo ni friji, ndani ya mfuko wa karatasi, bila ndizi wala tufaha humo. Matunda yakiiva hutoa ethilini, na ethilini huua ua likiwa bado kijichipukizi ndani ya tunguu. Ukishapanda, utapata ua mara moja, kisha tunguu ni la kutupa. Tumia za kisasa, zilizoingia kwa kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea. Zilizovunjika usiguse: huko vidukari hawapumziki mwaka mzima, na jirani yako huenda anauza lili.

Sakina_Limuru:
Nimekusoma, asante mama.

KijaniKibichi:
Nimeamua: lili zinaondoka, tuta ni la 'Grand Perfection' na 'Keizerskroon', vyungu vitatu nyuma ya nyumba ni vya 'Absalon', 'Insulinde' na 'Mabel'. Sasa naomba vipimo.

Tunguu_Kavu:
Tuta kwanza. Mfinyanzi hushika maji, na tunguu lililolala majini huozea kwenye kitako. Chimba sentimita 25, changanya kokoto ndogo, weka tabaka la sentimita 3 la mchanga wa chembe kubwa chini ya kila tunguu. Kina sentimita 15, nafasi 12. Udongo ukiwa na tindikali nyunyiza chokaa, pH 6.5 hadi 7 inatosha.

Chungu: kipenyo sentimita 30, matunguu 5 hadi 7, sehemu 3 za mboji kwa sehemu 1 ya kokoto. Kinyanyue juu ya matofali ili tundu la chini lisizibe. Usitegemee matunguu makubwa: 'Absalon' na 'Insulinde' mara nyingi huja na mzingo wa sentimita 8 hadi 10, na hayo bado hutoa ua. Madogo zaidi yapande kando yanenepe mwaka mmoja.

Usiongeze mbolea ya naitrojeni. Jani linakuwa laini, na ukungu wa Botrytis tulipae, ule unaoacha majani kama yameunguzwa na moto, hupenda jani laini. Mmea ukitoka umepinda na kujikunja, ng'oa. Mbegu za ukungu hubaki ardhini, kwa hiyo tulipu zisirudi hapo kwa miaka 3. Baada ya ua kudondoka, mwagilia mbolea ya nyanya yenye potashi, nusu ya kipimo, kila siku 10, mara 3 au 4. Hapo ndipo tunguu la mwakani linajengwa.

Vunja kichwa cha ua kwa vidole, bua libaki. Majani yaache wiki 6. Yakigeuka njano, mwishoni mwa Juni hivi, chimbua kila tunguu lililovunjika, kila mwaka, bila kukosa. Kausha kivulini penye upepo, kisha weka kwenye neti za vitunguu, mahali pa nyuzi 18 hadi 20, hadi Novemba. Minya kila moja: lililolegea au linalonuka uchachu lina ukungu wa Fusarium, litoke mara moja, maana nalo hutoa ethilini na kuharibu wenzake.

MzeeWaPetali:
Moja limebaki: mbegu. Virusi hivi havipiti kwenye mbegu. Ukipanda mbegu ya 'Absalon' utapata mche safi wa rangi moja, baada ya miaka 5 hadi 7, na hautakuwa 'Absalon'. Enzi za Uholanzi walijaribu kufunga pamoja nusu ya tunguu jekundu na nusu ya jeupe ili rangi zichanganyike. Rangi hazichanganyiki hivyo, ila pengine nusu moja ilikuwa na virusi, ikaambukiza, na mwenye shamba akadhani hila yake imefaulu. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, wa taasisi ya John Innes, alipandikiza vipande vya matunguu yaliyovunjika ndani ya mazima na kuonyesha kwamba kinachohama ni maambukizi.

FundiChungu:
Na siku ya kuchimbua, anza na tuta safi, malizia na vyungu. Mikono na koleo vioshwe katikati. Andika jina kwenye kila neti kwa penseli, wino wa kalamu hufutika kabla ya Novemba.