Naomba ushauri: mbunifu wa ndani aitwe wakati gani katika nyumba ya mawe Lamu?

Ndugu zangu, assalamu alaikum. Naomba ushauri wenu kuhusu nyumba ya familia yetu iliyoko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Tunataka kuweka jiko la kisasa, na bafu ghorofani, bila kugusa zidaka za ndani (vishubaka vilivyojengwa ukutani) ambazo mama anazithamini mno, nami vilevile. Fundi wetu ni hodari wa chokaa, lakini kila tukimuuliza mabomba yapite wapi au taa zikae wapi, hutuambia tuamue wenyewe. Sehemu iliyowahi kupigwa plasta ya saruji imeanza kutoa chumvi na kubambuka, kwa hiyo naogopa sana kuchimba kuta hizi kwa kubahatisha. Tumepima vyumba vyote na kuchora ramani kwa mkono. Vifaa bado hatujanunua.

Je, mbunifu wa ndani aitwe sasa, kabla ya mabomba na nyaya, au asubiri kuta zikamilike? Na je, inawezekana kumlipa kwa michoro na ushauri pekee, fundi wetu akaendelea na kazi, na makubaliano ya namna hiyo yaandikweje ili wawili hao wasigongane?

Natanguliza shukrani.