Ati hesabu si mandazi?!

MamaKibanda:
Jamani, mnamjua. Yule wa tuisheni ya Jumamosi huku Umoja, mwenye kalamu nyekundu nne mfukoni. Nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Binti yangu wa kidato cha pili amerahisisha x³ × x⁴, akapata x⁷. Huyu bwana akaikata mpaka karatasi ikapasuka, akaandika x¹². Nikamuuliza kwa heshima, "Mwalimu, hapa si vipeo, hizi namba ndogo za juu, vinajumlishwa?" Akanitazama kuanzia slipa hadi kilemba: "Mama, hesabu si mandazi."

MANDAZI! Mbele ya wazazi wanane!

Nikatoa kibiriti. Nikapanga njiti tatu, halafu nne, nikamwambia hesabu. Saba! Hata paka wangu angepata saba. Weka 2 mahali pa x: 8 mara 16 ni 128, ndiyo 2⁷. Hiyo yake ya 2¹² ni 4,096. Mtu kama huyu ukimkopa 128 atakuja kudai 4,096 na abebe masufuria yako yote! Vipeo huzidishwa kukiwa na mabano, (x³)⁴. Mabano yalikuwa wapi? Wapi?! Na akarudia, polepole, kama anafundisha mtoto: "Si man-da-zi."

KijanaWaJogooRoad:
Huyo huyo! Alinifunza (2x³)² ni 2x⁶. Ile 2 aliifungia nje kama mpangaji mwenye deni. Ni 4x⁶! Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima na ndevu.

MzeeWaKona:
Mama, nani huenda tuisheni na kibiriti? Mwalimu aliogopa utamchoma.

MamaKibanda:
Nilitoka kibandani moja kwa moja, ni cha kazi! Amesema MANDAZI, mzee. Wazazi WANANE.

BintiWaKayole:
Wetu alisema 5⁰ ni 0, ati "hakuna kitu". Gawanya 5² kwa 5², vipeo 2 toa 2 ni 0, uone kama jibu si 1! Nilichapwa kwa hiyo 1.

Shukisha:
Afadhali nyinyi. Leo nauli ilikuwa hamsini, matone mawili yakaanguka pale Muthurwa, ikawa mia.

MzeeWaKona:
Mia? Jana nimelipa mia na hamsini, na nikasimama.

MamaKibanda:
Turudini kwa huyu mtu tafadhali! Karatasi ILIPASUKA!

KijanaWaJogooRoad:
Mzee, mia na hamsini ukiwa umesimama? Gari ya wapi hiyo?