Mume wangu anachomea dhahabu jikoni na mimi nina mimba, naombeni ushauri

Nalongo_Busia:
Habari zenu ndugu zangu. Niko Busia upande wa Uganda, karibu na machimbo ya Tiira. Mume wangu alikuwa anachomea kulekule shimoni ila tangu waanze kuibiana anakuja nayo nyumbani, anaikanda na makyuri (zebaki) kwenye beseni kwa mikono mitupu, anakamua na kitambaa kinabaki kidonge cheupe kama punje ya njugu, anakiweka juu ya sigiri ileile ninayopikia posho. Anasema haina moshi haina harufu kwa hiyo haina shida. Mimba ni ya miezi mitano na mapacha wangu hukaa palepale wakingoja cheupe kigeuke njano. Ni kweli haina madhara?

Binti_Maabara:
Dada toka hapo leoleo. Kukosa harufu ndo ubaya wenyewe. Zebaki haipotei, inakuwa mvuke mnauvuta, inashika ubongo na figo, na kwa mjamzito inapita mpaka kwa mtoto tumboni. Nyingine inaganda ukutani na kwenye mabati. Mume muangalie kama mikono inamtetemeka au anasahau ovyo. Na kliniki uwaambie wazi habari ya makyuri, usipowaambia watakupima malaria tu.

Mzee_wa_Shimo:
Shemeji, ukimwambia aache hataacha, ndo chakula chenu. Mwambie ritoti: chungu cha chuma kimefunikwa kabisa, kina bomba linalopoozwa na maji, mvuke unarudi kuwa makyuri anaitumia tena. Anza na hiyo ya pesa atakusikiliza. Sisi tulichanga watu sita. Na achomee nje, mbali na watu.

Okello_K:
Na maji ya beseni mnamwaga wapi? Yakifika kwenye kinamasi yanaingia kwa samaki. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa 1956, na kuna mama walioonekana wazima kabisa lakini wakazaa watoto wenye ulemavu. Ndo maana mkataba wa dunia wa zebaki unaitwa Minamata, Uganda iliuridhia 2019.

Nalongo_Busia:
Mungu wangu, tunamwaga kwenye migomba. Sigiri nimeshaitoa nje, leo nimepikia ya jirani. Mzee, hiyo ritoti fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza?

Mzee_wa_Shimo:
Anaweza, yetu ni ya fundi hivyohivyo, ila maungio yasivuje hata kidogo. Mwambie aje shimoni kwetu kwanza aione ikifanya kazi.