Treni za mfano: mnatafuta kwa maneno gani hadi mnapata? Tulinganishe

Kichwa_cha_Moshi
Wakuu, habari zenu. Nimeanza kujenga reli za mfano mezani, na hadi sasa nimetafuta sana kuliko nilivyojenga. Nikiandika "treni ya kuchezea" naletewa vitu vya watoto. Nikaandika "train model", nikamwagiwa masomo ya kufundisha akili bandia, kumbe kwao hiyo "train" ni kufundisha! Nimebaki na njia tatu: jina la hobi lenyewe ("model railroad"), herufi ya kipimo, yaani ukubwa wa treni (HO, N, OO), au jina na namba ya kifaa. Nyie mnaanzia wapi? Kwa sasa nasaka kile kipande cha reli kinachogawa njia kuwa mbili.

Mataruma
Jina la hobi liache, labda kama unataka picha za kuburudisha macho. Na lenyewe linabadilika: Mmarekani huandika "model railroad", Mwingereza "model railway", Mjerumani "Modellbahn". Ukitumia neno la mmoja, wengine wanajificha. Hicho kipande chako Marekani ni "turnout" au "switch", Uingereza ni "points". Sasa tafuta "switch" peke yake: swichi za taa, vifaa vya kompyuta, michezo ya Nintendo. "Points" ndiyo balaa zaidi. Shika "turnout".

Behewa_la_Mwisho
Napinga kidogo, mkuu. Hayo majina mawili mawili hayaishi. Mataruma (samahani kwa jina lako) ni "ties" Marekani na "sleepers" Uingereza. Yadi ya kufichia treni nyuma ya mandhari ni "staging yard" Marekani, "fiddle yard" Uingereza. Nani atakariri yote? Aanze na kipimo.

Mataruma
Atafute "N" halafu atuletee majibu, tunasubiri.

Behewa_la_Mwisho
Sikusema herufi tupu. Herufi na uwiano wake: "HO 1:87" (yaani treni halisi imepunguzwa mara 87), "N 1:160". Na hapa mleta mada usome taratibu, maana ndipo wengi hununua visivyofaa. Upana wa reli (nafasi kati ya vyuma viwili) ni kitu kimoja, uwiano ni kingine. HO na OO zote hupita kwenye reli ya milimita 16.5, lakini HO ni 1:87 na OO ni 1:76, hivyo mabehewa yake yakikaa pamoja moja linaonekana limenenepa. N ndiyo vurugu zaidi: reli ni milimita 9 kwa wote, na uwiano wa kawaida ni hiyo 1:160, ila Mwingereza hutumia 1:148, Mjapani 1:150 kwa treni zake nyingi na 1:160 kwa Shinkansen, treni zake za kasi. Kwa hiyo ukitafuta reli, andika upana. Ukitafuta nyumba, watu au mabehewa, andika uwiano.

Mama_Stesheni
Hapo umenena. Niongeze moja lililonitesa: Wajerumani huandika H0, yaani H na sifuri, siyo herufi O, kwa sababu asili yake ni nusu ya kipimo kikubwa zaidi kiitwacho 0 (sifuri). Injini kubwa za kutafutia mara nyingi huelewa, ila tovuti za mitumba huchukua ulichoandika vilevile. Mimi huandika zote mbili na kuweka OR katikati, kwa herufi kubwa. Na kutoa usichotaka: -simulator -game, alama ya kutoa igusane na neno. Bila hivyo michezo ya kuendesha treni kwenye kompyuta inajaza ukurasa mzima.

Fundi_Solda
Mnazunguka mbuyu. Namba ya bidhaa haina lugha. Andika "Peco SL-95" (Peco ni kampuni ya Uingereza ya reli za mfano) popote pale, utapata kipande cha kugawa njia kuelekea kulia, cha radiasi ya kati, reli ya code 100 (yaani kimo cha inchi 0.100, kama milimita 2.54). Ongeza herufi moja, SL-E95, unapata aina ya Electrofrog, ambayo pale reli zinapokatana panapita umeme. Jina gani litakupa tofauti hiyo?

Mataruma
Kweli, ila namba unaijua ukishajua unachotaka. Na inakupeleka kwa wauzaji tu, siyo kwa anayeeleza kwa nini injini fupi hukata moto pale reli zinapokatana, ambapo kwenye kipande kisicho Electrofrog ni plastiki isiyopitisha umeme.

Fundi_Solda
Nakubali. Namba ni ya kununulia, maneno ni ya kujifunzia.

Kichwa_cha_Moshi
Nimerudi. Nimeandika "turnout" "code 100" HO -simulator, na kwa mara ya kwanza ukurasa mzima ni reli. Asanteni. Swali la mwisho: ramani ya meza ndogo natafutaje? "Small layout" inaniletea mipango ya vyumba vya kulala.

Mama_Stesheni
Tafuta "Inglenook", pamoja na "shunting puzzle". Wamarekani wao husema "switching puzzle". Ni fumbo la kupanga mabehewa kwenye njia tatu, moja inabeba matano na mbili zinabeba matatu matatu. Vipande viwili vya kugawa njia vinatosha.

Kichwa_cha_Moshi
Viwili tu? Mama, nilishaweka sita kwenye kikapu. Ngoja nikavitoe.